Mkono wa Kaka Yangu Nyuma ya Spika Yangu

Niliuona mkono wa kaka yangu kwenye simu ya mtu baki.

Nilikuwa saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Mkono mmoja wa msusi uko kwenye nywele zangu, mwingine unaperuzi simu. Mara akacheka, akanishushia simu usoni.

"Dada, si ninyi hawa?"

Ni sisi. Mtu alikuwa ameturekodi tukipiga muziki pale penye uwazi mbele ya jengo la maduka, kijiwe chetu cha kila siku. Kaka yangu yuko mbele na gitaa lake, anaimba. Wifi yangu, mke wake, amekalia boksi lake la mbao analipiga kwa viganja. Mimi niko pembeni na gitaa langu la besi, macho nimefumba, nimezama kwenye wimbo.

Halafu nikaona...

Kaka anamaliza ubeti. Anarudi hatua moja huku anawachekea watu. Mkono wake unapita nyuma ya mgongo wangu, unafika kwenye spika yangu, unashika kitufe cha sauti. Anakizungusha taratibu, kama mtu anayefunga bomba la maji.

Na mimi naendelea kupiga! Najikunja, natikisa kichwa, vidole vinatembea, na mbele hakuna hata tone la besi linalotoka.

Nikamwambia msusi arudishe nyuma. Akarudisha. Mkono ni uleule, na saa iliyo juu yake nilimpa mimi siku ya harusi yake.

Chini ya video watu walikuwa wameandika maoni yao. La juu kabisa, lenye vicheko kuliko yote, lilisema hivi: "Huyo dada wa pembeni anamshikia nani gitaa?"

Jamani.

Nilisimama na chanuo limening'inia kichwani. Msusi akanikumbusha kwamba nusu ya kichwa bado. Nikamwambia anitumie hiyo video, kichwa kitasubiri.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mjue kwa nini mkono ule uliniuma kuliko kofi.

Kaka ndiye aliyenifundisha besi. Mimi nilitaka gitaa la nyuzi sita kama lake, nikalia sana. Akanipa la nyuzi nne, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe jenga nyumba, mimi nitapaka rangi." Nikaacha kulia. Tangu siku hiyo najenga, yeye anapaka rangi, na watu wanasifia rangi.

Sikuwahi kulalamika. Besi ndivyo ilivyo. Ikiwepo hakuna anayeitaja, ikikosekana kila mtu anahisi wimbo umevuliwa nguo.

Kwenye kundi letu kuna sheria moja, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe. Hakuna anayejipimia sauti. Aliyesimama karibu na spika yake hudanganyika, hasa wa besi, kwa sababu besi ina tabia ya kumruka mpigaji na kwenda kusikika mbali. Kwa hiyo mimi nampimia kaka, kaka ananipimia mimi. Mikono yangu haigusi kitufe changu. Nimeishi na sheria hiyo kama watu wengine wanavyovua viatu mlangoni.

Shikeni hapo kwenye sheria, tutarudi.

Tulipoanza kupiga barabarani, ambako hakuna pa kuchomeka waya wa umeme, nilihitaji amplifaya ya besi ya betri, tena ya kubebeka. Nikaenda kwa muuza vyombo vya muziki. Duka lenyewe dogo kama bafu. Akanipa kaspika kadogo keusi, nikachomeka gitaa, nikagonga noti moja ya chini.

Vioo vya duka vilitetemeka. Nikahisi mpaka kwenye meno. Muuzaji akanionyesha namba za wati zilizoandikwa kwenye boksi lake kama anayenionyesha cheti cha chuo. Nililipa bila kufikiri mara mbili.

Kesho yake tukaenda kijiweni. Nikagonga noti ileile.

Kimya... Yaani si kimya kabisa. Ilikuwepo, lakini kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Dukani ilinguruma, nje ikanong'ona! Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia nililifunga mwenyewe, maana hakuna aliyenikataza kutoka nje na ile spika nikaisikilize barabarani.

Nikasema basi, nitazoea. Ndipo akaja meneja.

Huyu ni meneja wa hoteli iliyo barabara ya pili. Mtu wa shati jeupe na maneno machache. Alisimama pale akasikiliza mpaka tulipopumzika, akasema anatafuta kundi la kupiga kila mwisho wa wiki kwenye ukumbi wake wa chakula. Kazi ya kudumu, chini ya paa, watu wamekaa! Hamjui maana ya maneno hayo mpaka mmewahi kupiga muziki huku mvua inawafukuza wasikilizaji katikati ya kiitikio.

Akaisifia sauti ya kaka. Akaisifia mikono ya wifi. Halafu akanigeukia mimi, wala hakusema kwa ubaya.

"Dada, wewe sijakusikia. Nitarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikikusikia, mtakuja watatu. Nisipokusikia nitachukua wawili."

Kundi nimelianzisha na kaka yangu. Jina la kundi nimelitunga mimi. Leo naambiwa nitakatwa kama mkia wa shati!

Kwa hiyo nikaingia kwenye vita ya kutafuta spika.

Ya pili nilimkuta nayo jamaa anayeuza makava ya simu. Spika ndefu ya matairi, ina taa za rangi zinazozunguka, ina maikrofoni yake, imekosa tu kupika. Alinichezea wimbo uliorekodiwa, besi ikatoka tamu kabisa. Sikushtuka. Nilipochomeka gitaa langu kijiweni, noti ya chini ikatoka kama mtu anapenga kamasi. Kabla hatujafika katikati ya shughuli, betri ikalala. Taa zikabaki zinazunguka zenyewe. Hivi betri ya kuwasha disko ipo, ya kunipigia noti moja haipo?

Nikairudisha kwa ugomvi. Jamaa aliipokea huku anaangalia pembeni.

Nikarudi kwa yule muuzaji wa kwanza. Safari hii nikamwambia sitaki kusoma boksi, sitaki wati za kwenye makaratasi, nataka kitu kinachosikika ng'ambo ya barabara. Akanitolea dude. Amplifaya halisi ya besi, ya betri, ina spika pana kama sinia, na uzito wa mfuko wa saruji. Wanasema ni ya kubebeka. Ya kubebeka na nani?

Nililipa pesa ambayo mpaka leo sitaki kuitaja mbele ya mama. Ile ndogo ya kwanza ikabaki nyumbani, ikawa kigoda changu cha kukalia nikifunga kamba za viatu.

Na nani alinisaidia kulibeba lile jiwe kutoka dukani? Kaka yangu. Alishika upande huu, mimi upande ule, jasho linatutoka, ananipa moyo kabisa, eti sasa mdogo wangu tumepata dawa.

Siku ya kwanza na jiwe, wimbo wa kwanza ulikuwa moto. Watu waligeuza shingo. Kuna mama alikuwa anapita na mtoto mgongoni, akaanza kutikisika bila kujijua. Nikajua nimefika.

Wimbo wa tatu, ikapotea.

Ilikuwa hivyo kila siku! Naanza vizuri, halafu sauti inashuka, inashuka, mpaka nabaki na mtetemo wa mbao kifuani. Tukimaliza na kuanza kufunga vyombo, kaka anachaji, kaka anarekebisha, yeye ndiye fundi wa kila kitu kule nyuma ya spika. Kesho inaanza tena vizuri, kisha inakufa.

Mnaweza kuniuliza kama sikuwahi kukiangalia kitufe. Kiko nyuma ya spika, na mimi natazama watu. Na si nimewaambia kuhusu sheria? Mikono yangu haigusi kitufe changu. Mtu anayekupimia sauti tangu utotoni humkagui.

Nikaamini ni betri. Nilirudi dukani mara nyingi kiasi kwamba muuzaji akianza kuniona kwa mbali anaingia stoo. Aliipima mbele yangu, ikapiga mpaka tukachoka wote wawili. Akaniambia betri nzima, spika nzima, labda tatizo ni gitaa. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha nyuzi. Nikaanza kujiuliza kama tatizo ni vidole vyangu. Usiku usingizi hauji, mchana hasira. Na Jumamosi ya meneja inakuja kama mwenye nyumba.

Juu ya yote, kaka naye alikuwa ameanza dharau. Ukimwita, anapita kama hajakuona. Ukimpigia simu hapokei, anataka umwandikie ujumbe, kama waziri. Mkikaa naye mezani lazima akupange wewe ukae upande wake wa kulia. Ukimweleza jambo anakukodolea macho mdomoni, halafu anajibu kitu kingine kabisa. Nikasema sifa za meneja zimempanda kichwani. Wawili wanatosha, mimi sasa ni wa nini?

Halafu ndiyo nikauona ule mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi changu nilikivika saa!

Nilitoka saluni nikaenda kwa kaka moja kwa moja. Watu njiani walinitazama, nikadhani wameiona video. Kumbe walikuwa wanatazama kichwa. Upande mmoja mistari safi, upande mwingine kama kuku aliyenyeshewa.

Wifi alikuwa uani anafua. Aliponiona akaacha nguo ndani ya beseni. Sikumsalimia. Kaka alikuwa amekaa kizingitini, mgongo umenielekea, anabadilisha uzi wa gitaa. Nikamwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Hakugeuka.

Nikamzunguka, nikamsukumia simu usoni. Akaitazama video mpaka mwisho. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika.

"Ni mkono wa nani huo?" nikamuuliza.

"Wangu."

"Umenizima."

"Nimekuzima."

Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Hasira yangu ikakosa pa kushika.

Nikamwaga yote. Nikamwambia alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia aliniona nikibadilisha spika moja baada ya nyingine kama kichaa, nikigombana na wauzaji, nikilala na mashaka juu ya vidole vyangu, naye anajua. Alilibeba lile jiwe pamoja na mimi huku anajua! Kama anataka kwenda hotelini wawili, angesema tu, ningempisha. Nikamwambia kuanzia leo nimetoka kwenye kundi, na jina la kundi naondoka nalo.

Nikiongea, macho yake hayakuwa kwenye macho yangu. Yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Wifi akasogea na mikono yake ya mapovu. Alisimama upande wa kushoto wa mume wake, karibu kabisa na sikio, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, nyumba inaungua."

Kaka hakupepesa hata jicho. Aliendelea kuutazama mdomo wangu, anangoja nimalize.

Wifi akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hayafuti.

Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye maji ya sabuni.

Wifi akamzungukia mume wake kulia, akamshika bega. "Mwambie," akasema. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi."

Ndipo kaka akasema. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia bado lipo, lakini limebakiwa na vitu vizito tu. Sauti nyembamba zimeondoka moja moja, kwanza ndege, halafu mlio wa simu, halafu mwisho wa maneno ya watu. Wamekwenda hospitali, wamepimwa, wamerudi. Walikubaliana mtu yeyote asijue.

"Besi yako ndiyo kitu ninachokisikia vizuri kuliko vyote," akaniambia. "Ikinguruma inajaza sikio zima. Sauti yangu mwenyewe siioni iko wapi. Naimba gizani, mdogo wangu. Nikikuzima, najisikia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akauzungusha ule uzi mpya kwenye kidole.

"Nilitaka uikasirikie spika. Spika haina moyo."

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme nilimkumbatia, tukalia, tukasameheana. Hapana! Nilikuwa bado nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Mtu anaweza kukuonea huruma na kutaka kukutupia ndoo kwa wakati mmoja, mimi ni shahidi. Nilimuuliza kwa nini basi hakunizuia nisinunue lile jiwe. Akasema aliogopa kwamba akinizuia nitaanza kuuliza sababu.

"Kwa hiyo ukaona bora nivunjike mgongo?"

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka vibaya, huku bado analia. Kaka hakusikia kilichochekesha, akatuangalia mmoja mmoja kama mtoto mgeni. Kumwona vile, hasira ikashuka nusu. Nusu nyingine bado ninayo, naitunza.

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Yake yalifichuliwa na kioo cha simu saluni.

Nikawaambia sitoki kwenye kundi, ila kuna mambo mawili. Sheria ya kupimiana sauti imevunjwa na aliyeitunga, kwa hiyo kuanzia sasa wifi ndiye atakayetupima wote. Na siri nyingine sitaki, hata ya chumvi.

Sasa mtihani ukabaki palepale. Meneja anakuja kesho yake. Akinisikia mimi, kaka hajisikii, anapoteza sauti, tunaumbuka. Kaka akijisikia, mimi sisikiki, nakatwa. Spika moja itamtosheleza nani?

Tulienda kijiweni mchana uleule, mimi na kichwa changu cha nusu. Tulijaribu jiwe mbele, tukajaribu pembeni, tukaligeuza. Popote lilipokuwa, kaka alitikisa kichwa. Lilikuwa linapita ardhini linampanda miguuni. Wifi akasema lile ni kubwa mno, likikohoa tu kaka anapotea.

Nikakumbuka kigoda changu.

Nilikwenda nyumbani nikarudi na ile ndogo ya kwanza, ile niliyoitukana, imejaa alama za viatu vyangu. Nikaanza kuizungusha hapa na pale kwa hasira tu, kwa kweli sikuwa na akili yoyote. Nilichoka kuishika, nikaiweka kule nyuma mbali nasi, kwenye pembe ambapo kuta mbili za jengo zinakutana, ili nipumzike. Waya wangu mrefu ukabaki umechomekwa. Nikagonga noti ya chini kwa bahati mbaya, nilikuwa naegemeza gitaa.

Ukuta ukajibu!

Ilikuwa ngurumo ileile ya dukani, ile iliyonitetemesha meno. Nikasimama kama nimemwagiwa maji. Kumbe siku ile dukani haikuwa spika peke yake, zilikuwa ni zile kuta zilizobanana. Mimi nikainunua spika, nikaziacha kuta dukani, halafu nikaenda kuisimamisha peke yake katikati ya uwazi na kuilaumu.

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, jamani.

Tukaigeuza itazame watu, na sisi tukasimama pembeni, mbali nayo. Wifi akatembea kila upande, akavuka barabara, akasimama kule ng'ambo akapunga mikono yote miwili. Anasikia. Kaka akaanza kuimba taratibu, ameinamisha kichwa upande wa kulia. Akapanda na sauti, akapanda zaidi. Akanitazama, nikaona meno yake yote.

"Nipo," akasema. "Najisikia."

Kulikuwa na tatizo moja dogo tu. Mimi pale nilipo nilikuwa sisikii kitu.

Jumamosi meneja akaja na shati lake jeupe. Hakusimama mbele na watu wengine, alikwenda kuegemea ukuta, karibu kabisa na ile pembe. Tukaanza. Nilipiga wimbo mzima kwa kutazama viganja vya wifi na mguu wa kaka, na mbao ya gitaa ikiniambia kwenye mbavu kama niko sawa au nimepotea. Ni kama kuandika barua kwenye giza. Ila niliona vichwa vya watu vinaitika mahali ninapotaka viitike, nikajua nyumba imesimama.

Tulipomaliza, meneja akanijia mimi kwanza.

"Leo nimekusikia, dada. Nilijua tu. Ulichohitaji ni spika kubwa."

Nikaitazama ile kaspika kule pembeni, fupi kama ndoo, imejificha nyuma ya mguu wa mtu. Nikamwambia ahsante, bosi.

Akasema anatuchukua wote watatu. Kabla sijaanza kushangilia, kaka akainua mkono. Akamweleza kila kitu, sikio la kushoto, sikio la kulia, vyote. Mapigo ya moyo wangu niliyasikia vizuri kuliko nilivyoisikia besi yangu. Nilimwambia sitaki siri, lakini sikumwambia aanze na siku hiyo!

Meneja akatazama viatu vyake. Akageuka kuitazama ile pembe ya ukuta, akafuata waya kwa macho mpaka kwenye gitaa langu.

"Sasa," akasema, "hiyo spika mtaiweka kona gani ya ukumbi wangu?"

Basi. Ndiyo tumeanza. Kaspika kako kwenye kona ya ukumbi, nyuma ya mlango wa jikoni. Lile jiwe liko kwangu, ndilo kigoda sasa, na ukilikalia halisogei. Kaka bado anapungukiwa na sikio, hilo sitawadanganya kwamba limepona. Tunapiga huku tunajua.

Jana nilirudi saluni kumaliza nusu ya kichwa changu. Msusi akanishika nywele, akafungua simu, akasema tumewekwa tena. Akanishushia usoni.

Ni ile Jumamosi. Kaka anaimba, na chini yake kuna kitu kizito, kinatembea, kinabeba. Nikauliza nani huyo anapiga besi hivyo. Msusi akaniangalia kwenye kioo kama nimerukwa na akili.

Ni mimi. Sikuwa nimewahi kujisikia. Nimekuja kujisikia kwenye simu ya mtu baki.

Maoni ya juu yalikuwa ya yule yule mtu. Ameandika: "Nimefuta kauli. Dada ana gitaa lake."

Halafu katikati ya wimbo nikaona kitu. Kaka anamaliza ubeti, anarudi hatua moja huku anawachekea watu, na mkono wake... unaenda nyuma ya mgongo wangu. Kwa mazoea. Unapapasa huku na huku, unakuta hewa tupu. Anaurudisha haraka na kujikuna shingo, kama kwamba ndicho alichokuwa anakifuata.

Nikamtumia ujumbe palepale, kichwa bado kiko mikononi mwa msusi. "Nimekuona."

Akajibu, "Samahani, mjenzi."

Ndugu zangu mnaosoma, ukiona dunia haikusikii, usikimbilie kununua spika nyingine. Geuka kwanza uangalie ni nani ameshika kitufe. Na ukimkuta ni damu yako, mpigie kelele, ni haki yako. Ila ukishamaliza, kaa upande wake wa kulia, umuulize yeye anasikia nini.

Na spika kaijaribieni nje.